Haya ya Mgonjwa ni Amana

Yako mambo ambayo kila mwanadamu huyafanya kila siku, tajiri na maskini, jumbe na mchunga ng'ombe, wala hakuna apendaye kuyataja mbele za watu. Kwenda haja ndogo ni moja la mambo hayo. Lugha yetu yenyewe ina adabu katika jambo hili: twasema fulani ametoka kidogo, au amekwenda kujisaidia, na kila mtu huelewa bila kuuliza. Adabu hiyo ni njema, nasi hatukusudii kuibomoa. Lakini wengi wa wasomaji wetu wanaye mgonjwa nyumbani, au siku moja watakuwa naye: mzee aliyepooza upande mmoja, mama aliyejifungua kwa shida, kijana aliyevunjika uti wa mgongo katika ajali ya pikipiki. Katika nyumba hizo jambo lisilotajwa ndilo kazi kubwa ya kila siku, alfajiri, mchana na usiku wa manane.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo daktari peke yake hawezi kulijibu, kwa kuwa ni swali la haki. Mtu mzima hujilinda mwenyewe: hufunga mlango, hujifunika nguo, huchagua saa yake. Je, asipoweza tena kufanya hivyo, ulinzi ule umekwisha? Au umehamia mikononi mwa mtu mwingine, nao umekuwa deni? Sisi twaona ya kuwa umehamia. Haya ya mgonjwa ni amana iliyowekwa kwa wale wanaomwuguza, na amana hurudishwa nzima. Twataka kueleza maana ya neno hilo, na kuonyesha jinsi amana hiyo inavyovunjwa, mara nyingi na watu wema wasiojua kwamba wanaivunja.

Kwanza tupambanue maneno mawili ambayo watu huyachanganya, haya na aibu. Haya ni sifa ya mtu anayejua thamani yake. Ndiyo inayomfanya ajisitiri. Aibu ni maumivu ya mtu aliyeonekana pale alipotaka kusitirika, au ya mtu aliyetenda lisilompasa. Sasa, mgonjwa aliyelowesha kitanda ametenda nini lisilompasa? Mishipa iliyokuwa ikipeleka habari baina ya ubongo na kibofu imeharibika, au misuli imelegea kwa uzee au kwa uzazi. Hapana kosa hapo, kama vile hapana kosa kwa mtu anayekohoa. Aibu anayoisikia ametiwa na wengine: na pua iliyokunjwa, na ukelele wa "Umefanya tena!", na jirani aliyesimuliwa habari yake uani. Haya ni yake mwenyewe, aibu tumempa sisi. Kwa hiyo yatupasa kuilinda ile ya kwanza na kuiondoa hii ya pili.

Ili tusihukumu tusilolijua, yafaa tuitazame kazi yenyewe jinsi ilivyo. Figo zetu mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi, huchuja kutoka katika damu kiasi cha lita 180 za maji kwa siku, na karibu yote huyarudisha mwilini. Kinachobaki ni lita 1 hadi 2 tu, nacho ndicho mkojo, uliobeba takataka za mwili. Mkojo hushuka polepole katika kibofu, ambacho ni mfuko wa misuli. Kikifikia mililita 150 hadi 200 hivi, mtu huanza kusikia haja. Kikifikia 400 au 500, haja humlazimisha. Mlangoni mwa kibofu mna vizuizi viwili: kimoja hufunguka chenyewe bila kuagizwa, na kimoja hutii amri ya mwenye mwili. Mtoto huchukua miaka kadhaa kujifunza kukitawala kizuizi hicho cha pili. Ugonjwa wa kiharusi waweza kumnyang'anya mzee elimu hiyo kwa saa moja. Anayemcheka mzee wa namna hiyo amesahau kwamba yeye naye alifundishwa, tena kwa uvumilivu wa mama yake.

Wauguzi waliofundishwa vema hawaudharau mkojo hata kidogo. Huutazama rangi yake, harufu yake na kiasi chake, maana mwili husema kwa njia hiyo mambo ambayo mdomo hauwezi kuyasema. Mkojo wa rangi ya njano hafifu huonyesha kwamba maji yatosha. Ukiwa mzito na wa rangi iliyokolea, mara nyingi mtu hanywi vya kutosha. Ukiwa na damu, ukiwa na mawingumawingu pamoja na homa na maumivu, yapasa kwenda hospitali. Mgonjwa mahututi ambaye ni mtu mzima, akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, muuguzi humwita daktari upesi, kwa sababu huenda figo zinashindwa au damu haizifikii. Basi yule msichana unayemwona wodini akiinama kusoma alama za mfuko wa mkojo na kuandika katika karatasi, hafanyi kazi ya chini. Huenda katika saa hiyo ndiye anayeyashika maisha ya mtu.

Tukiisha kuyajua hayo, tutazame namna ya kwanza ya kuivunja amana, nayo ni ukimya. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hizo mbili zamfaa sana mwenye ugonjwa wa kibofu. Mwanamume aliyepita miaka 50 huanza kuamka mara tatu au nne usiku, mkojo hutoka kwa kudondoka, naye hasemi neno. Huenda ni tezi dume iliyokua, jambo la kawaida katika umri huo na lenye dawa. Huenda ni jambo zito zaidi. Hasemi mpaka siku mkojo unapokataa kutoka kabisa, na tumbo limejaa, na maumivu hayavumiliki. Wengine hunyamaza mpaka figo zimeharibika.

Kadhalika wavulana wanaooga na kuvua katika mito na maziwa yetu. Kichocho cha mkojo huingia kwa ngozi kutoka katika maji baridi yenye konokono wa namna fulani, na dalili yake inayojulikana sana ni damu mwishoni mwa mkojo. Katika sehemu fulani za Afrika damu hiyo imepata kuhesabiwa kuwa ni alama ya kubalehe, na kijana hakutibiwa. Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli, vidonge vinavyomezwa kwa siku moja. Asiyetibiwa kwa miaka mingi huweza kupata madhara ya kibofu, hata kansa. Baba amwulizaye mwanawe swali moja tu, tena faraghani, huenda amemwokoa.

Na wanawake nao wana mzigo wao. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, yapata sentimita 4, ambapo wa mwanamume ni kama sentimita 20; ndiyo maana vijidudu humpanda mwanamke upesi zaidi. Hii si alama ya mwenendo mbaya, ingawa wapo wanaomshuku mke kila anapolalamika kwamba mkojo unamchoma. Mama mjamzito mwenye ugonjwa huo asipotibiwa, huweza kuupata katika figo na kuzaa kabla ya wakati. Wasichana na wafundishwe mapema kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma, na kutouzuia mkojo kwa saa nyingi. Kinamama wanaotokwa na mkojo kidogo wakicheka au wakikohoa nao wasikate tamaa. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, alieleza mazoezi ya kukaza na kulegeza misuli ya chini ya nyonga, na hata leo wauguzi huyafundisha, wala hayahitaji chombo chochote.

Lakini jeraha lililo kubwa kupita yote hayo ni fistula. Mama hukaa siku mbili au tatu katika uchungu wa kuzaa bila msaada, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu, nyama hufa, na tundu hubaki. Tangu siku hiyo mkojo hutiririka bila kukoma. Wengi wa kinamama hao humpoteza mtoto, kisha mume, kisha jamaa, kwa ajili ya harufu. Madaktari Catherine Hamlin na mumewe Reginald walifika Ethiopia mwaka 1959, na mwaka 1974 wakafungua mjini Addis Ababa hospitali ya wagonjwa wa fistula peke yao. Hapa kwetu Tanzania wagonjwa hao hutibiwa katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, na katika hospitali ya Bugando, Mwanza, na mahali pengine. Walio wengi hupona kwa kupasuliwa. Haya ya mama huyo ilimfanya ajifiche. Ilikuwa wajibu wetu kumtafuta. Kijiji kinachomsukuma aishi peke yake katika kibanda cha nyuma kimekwisha kuila amana yake.

Namna ya pili ya kuivunja amana hutendeka kwa kikombe cha maji. Kuna nyumba ambamo mzee hapewi kinywaji baada ya saa nane mchana, kwa sababu anayemtunza amechoka kufua mashuka. Huambiwa kwa sauti ya upole, "Babu, usinywe sana, utatusumbua usiku." Naye babu, kwa kuwa ana haya, hutii, hata chai huiacha nusu. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Hata hivyo amenyimwa kitu ambacho hatumnyimi mbuzi aliyefungwa kambani.

Tena hila hiyo haimfaidii hata mwenye kuitenda. Mtu asiyekunywa, mkojo wake huwa mkali, nao huuwasha ukuta wa kibofu, hata haja zikamjia mara kwa mara. Vijidudu ambavyo vingetolewa na maji hukaa na kuzaana. Choo kikubwa hukauka, na tumbo lililofunga hukikandamiza kibofu na kukizuia kisijitoe vizuri. Kiu ya mzee imekwisha kupungua kwa umri, hivyo mwili wake haumwonyi; hupata kizunguzungu, huanguka, pengine huchanganyikiwa ghafla, watu wakasema ni uzee. Shuka moja iliyookolewa italipwa kwa wiki mbili hospitalini.

Mtu atatuuliza, Je, basi tumpe maji usiku kucha? La hasha. Kupanga saa za kunywa ni jambo moja, na kumnyima ni jambo jingine. Apewe vya kutosha tangu asubuhi, yapata lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, isipokuwa kama daktari amempunguzia kwa sababu ya moyo au figo. Katika saa mbili au tatu kabla ya kulala apunguziwe, hasa chai na kahawa. Apelekwe chooni, au apewe chombo, kabla ya taa kuzimwa. Mchana apelekwe kila baada ya saa mbili au tatu bila kungoja aombe, maana mwenye haya huchelewa kuomba. Twawajua ninyi mlio na kazi nyingi, nanyi mtasema kwamba hayo yachosha. Ni kweli. Lakini anayempanga mgonjwa saa zake hufanya hivyo kwa faida ya mgonjwa, na anayemnyima hufanya kwa faida yake mwenyewe. Hiyo ndiyo mizani, nasi tutaitumia tena.

Namna ya tatu ni ya hospitalini zaidi, ingawa siku hizi imefika hata majumbani. Ni mpira wa mkojo. Mpira unaojishika ndani ya kibofu kwa puto dogo ulianzishwa katika miaka ya 1930 na daktari wa Marekani, Frederic Foley, nao umewaokoa watu wasiohesabika. Una kazi zake za haki: mkojo unapoziba, wakati wa upasuaji mkubwa, mgonjwa mahututi anapopimwa saa kwa saa, na baada ya fistula kushonwa, ili kibofu kipumzike mpaka kovu lishike. Lakini mpira huo ni ngazi pia. Vijidudu huupanda mpaka ndani, na kila siku unapozidi kukaa hatari huzidi. Ndiyo maana katika wodi nzuri muuguzi hujiuliza kila asubuhi, Je, mpira huu bado wahitajika? Ukiwa umebaki kwa sababu tu ya kuokoa mashuka, au kwa sababu hapana mtu wa kumpeleka mgonjwa chooni, mizani yetu imelemea upande usiofaa.

Hata nepi za watu wazima tuzipime vivyo hivyo. Si vibaya kumvika mtu asiyeweza kujizuia. Humsitiri, humwezesha kuketi na wageni na kwenda kusali. Ubaya ni kumvika aliye na uwezo wa kujizuia, kisha kumwambia, "Kojoa humo humo." Mzee anayeambiwa hivyo kila siku, baada ya wiki chache hupoteza kweli kile alichokuwa bado anacho. Na nepi iliyolowa isipobadilishwa upesi huichoma ngozi, na vidonda vya mgongoni na makalioni hufuata.

Historia yatuonyesha tofauti inayoweza kuletwa na uangalifu wa namna hii. Zamani kijana aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kuwa amekufa; katika vita kuu ya kwanza wengi wao walikufa upesi, si kwa jeraha lenyewe, ila kwa vidonda vya kulala na kwa ugonjwa wa kibofu uliopanda katika figo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia kutoka Ujerumani mwaka 1939, alipewa wodi ya askari wa namna hiyo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa ya kuuunga uti. Alichofanya ni kuamuru wagonjwa wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, na kazi ya kibofu ifanywe kwa usafi na uangalifu mkubwa. Watu walioachwa wafe wakaanza kuishi. Mwaka 1948 akawaandalia mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde, wakiwa katika viti vyao, na kutokana na hayo ikatoka michezo ya Paralimpiki. Wanaoishangilia michezo hiyo leo ni wachache wanaojua kwamba ilianzia katika kazi ya kufua, kugeuza na kukinga mkojo.

Mfano mwingine wagusa swali letu karibu zaidi. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na wenzake waliandika habari ya wagonjwa ambao kibofu chao hakikuweza kujitoa. Badala ya kuwaachia mpira siku zote, waliwafundisha kujitia wenyewe mpira mwembamba, kuutoa mkojo, na kuuondoa mpira, mara kadhaa kwa siku. Madaktari wengi walishtuka, maana walidhani kazi hiyo yataka chumba cha upasuaji. Lapides aliona ya kwamba mikono safi na mpira safi vyatosha, na kwamba hatari kubwa zaidi ni kibofu kuachwa kijae kupita kiasi. Njia hiyo hutumika duniani kote hata leo. Tazameni maana yake. Mgonjwa alirudishiwa mlango wake na saa yake. Amana ilirudi kwa mwenyewe. Hivyo ndivyo inavyompasa kila mwenye kutunza: asimfanyie mgonjwa jambo ambalo mgonjwa, akifundishwa na akipewa nafasi, aweza kulifanya kwa mkono wake.

Sasa twauliza, ni nani wa kuifanya kazi hii nyumbani? Katika makabila yetu mengi mke wa mwana hapaswi kumwona baba mkwe uchi, wala mwanamume hawezi kumkaribia mama mkwe. Watu wengine husema kwamba desturi hizo zimepitwa na wakati. Sisi hatusemi hivyo. Desturi hizo zilikuwa ukuta wa kulinda haya ya wazee, na wazee wetu waliacha mlango katika ukuta huo: katika makabila mengi mjukuu ana utani na babu yake na bibi yake, naye aweza kuwaosha bila mtu kuona vibaya. Kaka alimhudumia kaka, dada akamhudumia dada.

Lakini siku hizi yametokea mambo ya kusikitisha. Wana wa kiume wako mjini. Hutuma fedha kwa simu, na hudhani kwamba deni limelipwa. Kazi yote huachiwa mke wa mmoja wao aliyebaki kijijini, ambaye desturi ile ile yamkataza. Yeye huifanya akigeuza uso, na mzee huipokea akigeuza uso, na wote wawili huteseka. Kijana mwingine husema kwamba kumwosha baba ni kazi ya wanawake. Twamwuliza, Ni nani aliyekushika ulipokuwa ukiloa mgongoni na mapajani? Mwanamume anayemsitiri baba yake hapungukiwi na uanaume wake. Fedha zatumwa, nazo ni za lazima, maana sabuni, mashuka na dawa vyataka fedha. Lakini zamu zigawanywe pia, na mwenye likizo aje ashike zamu yake.

Yabaki pingamizi moja ambalo hatuwezi kulipita, kwa kuwa ni la kweli. Mama mmoja mwenye watoto watano, kisima kikiwa mbali, ataamkaje mara tatu usiku kwa miezi na miaka? Na muuguzi mmoja mwenye wodi nzima atamfikiaje kila mtu kabla hajalowa? Twajibu hivi. Hakuna anayedaiwa asichokuwa nacho. Kuchoka si kosa, wala kukasirika moyoni kwa ghafla si kosa kubwa. Mwili una mpaka wake. Kosa huanza pale tunapomlipisha mgonjwa gharama ya uchovu wetu, kwa kumnyima maji, kwa kumfokea, au kwa kumwacha alale katika maji yake huku tukijua. Mlezi aliyechoka aombe msaada waziwazi, kwa ndugu, kwa majirani, kwa jumuiya yake. Na jamaa wasiosaidia wajue kwamba mgonjwa akivunjiwa haya yake usiku, lawama haimwangukii yule mmoja aliyekuwa macho peke yake. Vivyo hivyo wenye mamlaka juu ya hospitali: wodi yenye muuguzi mmoja, isiyo na pazia wala maji ya bomba, yamvunjia mgonjwa haya kabla muuguzi hajafika kitandani.

Yako pia mambo ambayo hayagharimu kitu, nayo twayaorodhesha ili pasiwe na udhuru. Osha mikono kabla na baada. Funga mlango, au shika kanga iwe pazia. Mwambie mgonjwa unachotaka kufanya kabla hujamgusa, hata kama wadhani hasikii. Funua sehemu ile tu inayohitajika, na ifunike mara. Mwanamume apewe chombo chake, naye asimamishwe au aketishwe kama aweza, maana kibofu hujitoa vizuri zaidi mtu akiwa wima. Mwanamke apewe beseni, na ainuliwe mgongo. Kisha ondoka kidogo, umpe dakika zake. Misuli haifunguki mbele ya macho yanayongoja. Aliye na mpira aoshwe kwa maji na sabuni kila siku. Mfuko uwekwe chini kuliko kibofu lakini usiguse sakafu, mrija usipindwe wala usivutwe. Mama aliye katika uchungu, na aliyetoka kujifungua, akumbushwe kukojoa, kwa sababu kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka, na baadaye huzuia mji wa mimba usijikaze, hata mama akatokwa na damu nyingi. Mkunga anayemkumbusha jambo hilo dogo, pengine amezuia msiba.

La mwisho ni ulimi. Mtu aweza kumwosha mgonjwa vizuri kabisa, kisha akaiharibu kazi yote kisimani kwa kusimulia. Aliyoyaona chumbani ni siri, kama barua ya mtu mwingine iliyofunguliwa mbele yake kwa lazima. Daktari na muuguzi wamefungwa na miiko ya kazi yao. Jamaa hawakula kiapo chochote, lakini wamefungwa na undugu, nao ni kifungo kikubwa zaidi. Na watoto wa nyumbani hujifunza hapo. Wakimwona mama akitoka chumbani mwa babu na beseni lililofunikwa, uso wake ukiwa mtulivu, wala hasemi neno ila kuuliza kama uji uko tayari, wamekwisha kufundishwa jinsi ya kumtunza mama huyo siku yake itakapofika.

Basi, ndugu wasomaji, atakayerudi jioni hii kwa mgonjwa wake aanze kwa mambo mawili yaliyo mepesi. Ampe maji, akae naye mpaka ayamalize. Kisha, kabla ya kuzima taa, amwulize faraghani, kwa sauti ambayo haivuki kizingiti, kama ana haja. Na akijibu ndiyo, amsaidie, amfunike, na asimwambie mtu.